Baiskeli nzito ya gia moja kwa safari ya wawili, Sumbawanga hadi Tabora

Tuseme mapema ili asiyetaka asipoteze muda: hii si baiskeli ya kujionyesha. Ina uzito wa kilo 20 na ushee, haina gia ya kubadilisha, breki zake zikilowa hazikamati, na kiti chake kinaumiza kuanzia kilomita ya thelathini. Hata hivyo, kwa mume na mke wanaotaka kukatiza magharibi ya Tanzania, kutoka Sumbawanga kupitia Mpanda hadi Tabora, karibu kilomita 580, hatuoni ya kuishinda. Masharti ni mawili tu. Ziwe mbili zinazofanana kila kitu, na zisianze safari zikiwa kama zilivyotoka dukani.

Tunazungumzia baiskeli ile ile inayobeba mkaa, mahindi, wagonjwa na madumu ya maji kila kona ya nchi: matairi ya 28 kwa 1½, fremu ya chuma, breki za vyuma badala ya waya, keria nyuma, stendi ya miguu miwili. Wakenya huiita Black Mamba. Watu wazima wa Tanzania wanaikumbuka Swala ya Dar es Salaam. Siku hizi dukani utakuta zaidi Phoenix ya China, au Hero na Avon za India. Umbo ni lile la Mwingereza wa zamani, halijabadilika, na ndiyo sababu fundi wa kijijini anaifungua akiwa amefumba macho. Tyubu, tairi, gololi, cheni na pedali za kampuni moja kwa kawaida zinaingia kwenye ya kampuni nyingine. Kota pini na spoki ndizo za kuangalia, tutazifikia.

Wengi wakisikia safari ndefu hukimbilia mtumba wa gia 18 au 21. Mlimani inafurahisha, na breki zake ni bora kuliko hizi, hilo halina ubishi. Kasheshe inaanza baadaye. Kile kipande kinachoshika kibadilisha gia cha nyuma kikigongwa wakati kondakta anaitupia baiskeli juu ya basi, kinapinda kidogo tu. Siku ya pili mnapanda mlima na gia nyepesi, kibadilishaji kinaingia kwenye spoki na kuvunja kila kitu. Cheni yake ni nyembamba, ya duka la kijijini ni nene. Tairi la inchi 26 mtalipata Mpanda au Tabora. Katikati hapo msilitegemee. Mwenye mtumba wa gia huishia kuifunga iwe ya gia moja kwa plaizi na nyundo, yaani anafika kule kule tulikoanzia, kwa gharama zaidi.

Kuna pia Buffalo, ile imara ya tairi nene yenye breki ya kurudisha pedali nyuma, inayoonekana sana Zambia, Malawi na Kenya. Ni chuma cha kweli. Lakini tairi lake ni la 26, na kwenye njia hii faida ya kuwa na kile ambacho kila mtu anacho inazidi faida ya kuwa na kilicho bora.

Kwa nini zifanane? Kwa sababu baiskeli ya pili ndiyo stoo yenu. Zikiwa na rimu moja, friwili (ile gia ya meno ya gurudumu la nyuma) moja na kota pini za unene mmoja, mnabeba kipuri kimoja kinachotumika kwa zote mbili, na hali ikiwa mbaya kabisa mnahamisha kitu kutoka moja kwenda nyingine ili mmoja aende kutafuta msaada akiwa amepanda. Mke akitaka ya kike, isiyo na bomba la juu, sawa, mradi magurudumu na ekseli ya pedali ni za aina ile ile. Ila aelewe kwamba fremu hiyo hujinyonga mzigo ukizidi kilo 20 hivi. Usukani unaanza kutikisika mteremkoni. Sisi tungechukua zote za kiume na kushona suruali. Khanga au kitenge kirefu kwenye gurudumu la nyuma lisilo na kinga ni hatari, si suala la adabu wala mazoea.

Anzieni juu, si chini

Watu wengi hupanga kuanzia Tabora kwa sababu treni inafika. Geuzeni. Sumbawanga iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Mpanda na Tabora ziko kwenye 1,100 na 1,200 hivi. Pili, na hili ndilo kubwa, kiangazi upepo wa kusi unavuma kutoka kusini-mashariki. Kutoka Sumbawanga kwenda Mpanda uelekeo ni kaskazini, kidogo magharibi, kwa hiyo upepo unawasukuma mgongoni. Mkitokea Mpanda kupanda Ufipa, nchi ya juu ya Sumbawanga, mtakula upepo wa uso siku nne, na kwenye baiskeli unayokaa wima kama mwalimu mkuu, upepo wa uso ni mlima usioisha. Kutoka Mpanda kwenda Tabora njia inaelekea kaskazini-mashariki, upepo unakuja ubavuni, mkono wa kulia. Si rafiki, lakini si adui.

Msimu ni Mei hadi Oktoba. Mvua za huko ni za msimu mmoja mrefu, Novemba hadi Aprili. Lami imefika sehemu kubwa ya njia hii, lakini ukitoka nje ya lami wakati wa mvua, tuseme kushuka Kirando au Kipili ziwani kutokea Namanyere, utakutana na udongo mweusi wa mbuga. Unajaa kati ya tairi na madigadi, unakauka kama saruji, gurudumu linagoma kuzunguka. Dawa pekee ni kung'oa madigadi, na nati zake kwa kawaida zimekwishashika kutu. Kwa hiyo kabla ya safari zifungueni, pakeni grisi, zirudisheni.

Kazi ya siku mbili kabla ya kuondoka

Hapa ndipo pesa na muda viende. Baiskeli ya aina hii ikitoka kwenye boksi imeunganishwa haraka, gololi zina grisi ya kulambisha tu, spoki hazijakazwa sawa. Ikibeba mtu mmoja kwenda shamba itavumilia miezi. Ikibeba mtu na kilo 25 kwa siku tisa mfululizo, haitavumilia.

Kota pini kwanza, maana ndizo zinazosumbua zaidi na ndizo wengi wanazozifunga vibaya. Ni kile kipini chenye ubapa upande mmoja kinachoshika mkono wa pedali kwenye ekseli. Kosa la kawaida ni kudhani nati ndiyo inayokikaza. Nati inakishikilia tu. Kinachokaza ni nyundo. Utaratibu ni huu: ingiza pini, ubapa wake ulalie kwenye ubapa wa ekseli. Chini ya mkono wa pedali, upande inapotokea pini, weka kipande cha bomba la chuma kilichosimama chini kwenye jiwe au gogo, pini ipate kutokeza ndani ya tundu la bomba. Usipoweka bomba, pigo lote linaishia kwenye gololi, na vikombe vyake vinapata vishimo. Piga mapigo manne matano yenye nia, si ya kugongagonga. Sauti inabadilika: mwanzoni ni ya kufubaa, pini ikikaa inalia kama chuma kimoja. Hapo funga nati. Pini ya upande wa pili iingie kwa mwelekeo wa kinyume, la sivyo mikono ya pedali haitakuwa kwenye mstari mmoja na magoti yatajua kabla ya macho.

Endesha kilomita 20 hadi 30, rudi, piga tena, kaza tena. Wanaoruka hatua hii ndio unaowaona barabarani wakikokota. Dalili ni mlio mmoja, "tak", kila pedali inapozunguka mara moja, na hisia kwamba mguu umepiga hatua hewani kidogo. Ukiusikia simama hapo hapo. Ukiendelea kilomita tano, ubapa wa pini unalika na hakuna nyundo itakayousaidia. Bebeni pini nne, za unene wenu. Zinazouzwa si za unene mmoja, na tofauti ya nusu milimita inatosha kuzifanya zipwaye au zisiingie. Chukueni pini mliyoitoa kwenye baiskeli yenu, iwekeni mezani kwa muuza duka, mlinganishe ubapa na ubapa. Ikiwa nene kidogo inapunguzwa kwa tupa. Ikiwa nyembamba, iacheni.

Pili ni friwili. Nyingi huja na meno 44 hadi 48 mbele na 18 au 20 nyuma. Kwa 44 na 18, pedali ikizunguka mara moja unasogea karibu mita tano na nusu. Kwenye tambarare bila mzigo ni raha. Kwenye mlima na mzigo ni kushuka na kukokota. Wekeni friwili ya meno 22: mnashuka hadi karibu mita nne na nusu kwa mzunguko. Mtapoteza mwendo kwenye lami, haidhuru, hakuna anayewafukuza. Mkitoka 18 kwenda 22 cheni itahitaji inchi moja zaidi, yaani jozi moja ya pingili, isipokuwa kama gurudumu lina nafasi ya kusogea mbele kwenye mkato wake. Cheni ikikaa sawa inacheza juu chini kama unene wa kidole kimoja katikati. Hakikisheni fundi ana kifaa chenyewe cha kufungulia friwili. Wanaofungua kwa patasi na nyundo huvunja midomo yake, na hapo hata mwenye kifaa hataweza tena.

Friwili ikianza kuteleza barabarani, unapiga pedali na haishiki, mara nyingi haijafa. Vimeno vyake vidogo vya ndani vimegandiana kwa vumbi na grisi nzito. Laza baiskeli ubavu, mimina mafuta ya taa kwenye ule mwanya wa duara huku ukizungusha kinyumenyume mpaka yanayotoka upande wa pili yawe meupe. Acha yakauke, kisha dondoshea mafuta ya cherehani. Grisi usiitie humo kamwe. Kichupa kidogo cha mafuta ya cherehani ndicho kipuri chenye thamani kuliko ukubwa wake katika begi lote.

Magurudumu: mafundi wengi hunyoosha rimu isiende kushoto na kulia, wakaishia hapo. Kwa breki hizi haitoshi. Raba zake hukamata rimu kwa ndani, zikivutwa kwenda juu, kwa hiyo rimu ikiwa na mbonyeo wa juu na chini, breki itakamata na kuachia, kukamata na kuachia, kila mzunguko. Mwambieni fundi waziwazi kwamba mnataka iwe duara. Kisha mkae nayo wenyewe: shikeni spoki mbilimbili zinazokaribiana, mzibane kwa nguvu kuzunguka gurudumu lote, zinalia kidogo zikijikalisha, halafu fundi akaze tena. Spoki za nyuma ndizo zinazokatika, kwenye kona pale zinapopindia kuingia kwenye hapu, yaani kitovu cha gurudumu, na hukatika kwa kulegea, si kwa kukazwa mno. Mpangilio wa kale ni spoki 32 mbele na 40 nyuma, lakini zipo zenye 36 na 36, hesabuni. Urefu wa za mbele na nyuma unaweza kutofautiana. Bebeni sita za nyuma na mbili za mbele, zifungeni kwa selotepu ya umeme kando ya bomba la fremu, hazichukui nafasi wala hazipindi.

Gololi: ekseli ya pedali hutumia za robo inchi, 11 kila upande. Hapu ya nyuma ni robo inchi pia, tisa kila upande. Mbele ni ndogo, tatu kwa kumi na sita, kumi kila upande. Fungueni zote, safisheni kwa mafuta ya taa, tieni grisi ya kutosha. Msichanganye gololi mpya na kuukuu kwenye kikombe kimoja; mpya ni kubwa kidogo na zitabeba uzito wote peke yake. Kaza mpaka mchezo uishe, kisha rudisha nyuma robo ya mzunguko.

Breki zenyewe hazitakuwa nzuri. Zinaweza kuwa za kutosha. Raba ziwe mpya, ziache mwanya wa milimita tatu hivi, na kila boliti ndogo inayounganisha fimbo moja na nyingine ipewe nati ya pili ya kufungia. Barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati inalegeza boliti hizo kwa nusu siku, fimbo inateleza, na unagundua wakati unahitaji kusimama. Kila asubuhi kabla ya chai, kila mmoja abane breki ya mwenzake na kuisukuma baiskeli mbele. Ikisogea, haiondoki.

Mzigo, na nani abebe nini

Keria ya dukani ni ya kubebea mtu hadi sokoni. Pale inaposhikwa na ekseli ndipo inapokatika. Nendeni kwa mchomeleaji aweke miguu ya chuma kinene hadi chini, na vyuma viwili vya pembeni vya kuzuia mfuko usiingie kwenye spoki. Mifuko mizuri kuliko yote haiuzwi kwenye duka la vifaa vya michezo: ni madumu ya lita 20 ya mafuta ya kula, yaliyokatwa juu, mawili kwa kila baiskeli, yakifungwa kwa mipira ya tyubu kuukuu. Hayaingizi maji, ukiyaangusha hayapasuki, na usiku ni ndoo. Kilicho kizito kikae chini kabisa na mbele ya ekseli, si nyuma yake. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unayumba kila unapopiga pedali.

Msigawane sawasawa. Kugawana sawa kunaonekana haki, lakini mwenye kilo 55 akibeba kilo 20 na mwenye kilo 80 akibeba kilo 20, hao hawabebi mzigo mmoja. Gawaneni kwa uzito wa mwili, kisha mwepesi atangulie. Mwenye nguvu akitangulia atamkimbia mwenzake bila kukusudia, atasimama kumsubiri, na mwenzake akifika yeye anaondoka tena akiwa amepumzika. Huyo wa nyuma hapumziki siku nzima. Pampu na spana akae nazo wa nyuma. Sababu ni nyepesi: anayeharibikiwa mbele atafikiwa na vifaa, anayeharibikiwa nyuma tayari anavyo.

Vifaa vyenyewe si vingi. Ile spana bapa yenye matundu mengi inayokuja na baiskeli ni ya kukazia kengele. Nati za gurudumu la nyuma zinataka spana kamili ya saizi yake, na spana malaya moja, ile ya kurekebisha mdomo, kwa yaliyobaki. Nyundo ya nusu kilo, kile kipande cha bomba, bisibisi, plaizi, kipande cha tupa, tyubu mbili, tairi moja lililokunjwa, solusheni mbili ndogo badala ya moja kubwa (ikifunguliwa inakauka), na mpira wa valvu kiasi cha kiganja. Tyubu hizi zina valvu ya kizamani yenye kijimpira laini ndani. Kikichakaa, tairi linapungua upepo usiku na mtaziba pancha ambayo haipo.

Pancha

Adui si msumari. Ni mbigili, ile miiba midogo ya pembe tatu inayotambaa kando ya barabara, na miiba ya migunga mahali mlipoegesha baiskeli kivulini. Msiegeshe pembeni kwenye majani. Simamisheni barabarani, kisha nyinyi ndio mwende kivulini.

Kijijini dalili ya fundi ni karai la maji chini ya mwembe na tyubu kuukuu zikining'inia kwenye tawi. Tazameni anavyofanya. Hatoi gurudumu, kwa breki hizi za vyuma kulitoa ni kazi ya robo saa. Anapindua baiskeli, anang'oa ukingo mmoja wa tairi, anachomoa kipande cha tyubu kwa ubavuni, anaziba, anarudisha. Jifunzeni hivyo hivyo. Kwangua mpaka weusi upotee mng'ao, paka solusheni nyembamba pande zote mbili, kisha ngoja. Hapa ndipo haraka inapoharibu: solusheni inayong'aa bado mbichi. Ikififia na kidole kikigusa bila kunasa, bandika, kandamiza kwa mpini wa nyundo. Msizibe juani saa saba mchana. Tyubu yenye joto hubanduka kiraka kabla hamjafika kijiji kinachofuata. Na kabla ya kurudisha, pitisheni kitambaa ndani ya tairi, si kidole. Mwiba uliotoboa kwa kawaida bado upo.

Mafundi wengi watawashauri kuvalisha tyubu kuukuu ndani ya tairi iwe kinga. Inasaidia kweli, mradi kingo zake zimechongwa ziwe nyembamba. Ukingo mnene unasugua tyubu mpya na kuitoboa kwa mstari mrefu usiozibika. Upepo: kidole gumba kikikandamiza tairi la nyuma likiwa na mzigo, libonyee kidogo tu. Likibonyea sana, rimu itagonga shimo na kutoboa tyubu mara mbili sambamba, kama meno ya nyoka.

Njia inavyoipima

Siku za kwanza, kupitia Chala na Namanyere, ni vilima vya wazi vya Ufipa, baridi asubuhi, na baiskeli inafanya kazi yake bila lawama. Mtihani wa breki ni Lyamba lya Mfipa, nchi inapoanguka kutoka uwandani kuelekea bonde la Rukwa. Shukeni taratibu tangu juu; breki hizi zinaweza kuzuia mwendo usiongezeke, haziwezi kuupunguza ukishakuwa mkubwa. Achaneni mita hamsini. Kukiwa na umande au mvua, shukeni kwa miguu bila aibu, kwani rimu ya chuma iliyolowa inateleza kama sahani yenye sabuni.

Kisha Katavi. Hifadhi ya Taifa tangu 1974, kilomita za mraba 4,471, na barabara inapita ndani yake kabla ya kutokea Sitalike. Hapo baiskeli haina alama yoyote ya kupewa: pakieni kwenye basi au lori, zote mbili, mpande nazo. Simba na tembo wapo, lakini hata pasingekuwa nao, ndorobo wanatosha. Hawa mbung'o hufuata kinachotembea, hupenda rangi ya bluu iliyoiva na nyeusi, na huuma kupitia fulana. Nguo ziwe za rangi ya udongo na za kitambaa kizito. Dawa za kujipaka za mbu haziwatishi sana. Mkipakia, fungeni baiskeli mbili pamoja, cheni ya moja ikitazama nje, kitambaa katikati, na mwe mmelegeza usukani na kuugeuza ulale sambamba na fremu. Muwepo inapopandishwa. Sitalike kuna viboko pale mtoni Katuma karibu na makazi. Jioni msisukume baiskeli kandokando ya maji kutafuta picha.

Kutoka Mpanda mnabaki na kama kilomita 340. Baada ya Inyonga, kuvuka mto Koga hadi mkaribie Ipole, ni miombo mitupu, vijiji ni vichache mno, na ndorobo wamo tena. Hapa gia moja inachosha akili kuliko mwili: barabara imenyooka, miti ni ile ile, mguu ni ule ule. Ondokeni Inyonga alfajiri, kila mmoja na maji lita sita, na msiingie sehemu hiyo na tairi lenye mashaka. Mkiona mtalala njiani, laleni penye watu, mkijitambulisha kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji kabla ya kufungua mizigo. Hodi ya saa kumi na moja jioni inapokewa vizuri kuliko ya saa mbili usiku.

Chakula hakisumbui. Karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa, ndicho chakula cha barabarani cha Unyamwezi na Usukumani. Havivundi, havimwagiki, na vinatafunwa mkiwa mmepanda. Michembe nayo inaanikwa mbichi, inataka kupikwa, msiichanganye mkiwa dukani. Chumvi kidogo kwenye maji mchana.

Kiti tumekitaja tu. Kipandisheni mpaka mguu unyooke karibu wote pedali ikiwa chini. Wengi huketi chini mno na kulaumu magoti. Boliti inayokishika ndiyo dhaifu kuliko zote kwenye baiskeli hii. Badilisheni dukani kwa ya chuma kigumu, mbebe na ya akiba.

Mkifika Tabora kuna treni ya kurudia, na behewa la mizigo linapokea baiskeli. Lakini pimeni kwanza kama mnazihitaji. Baiskeli ya 28 yenye keria iliyochomelewa, friwili ya 22 na magurudumu yaliyokazwa upya ndiyo anayoitafuta mbeba mkaa, na ataijua thamani yake kwa kuizungusha gurudumu tu. Risiti ya dukani itunzeni tangu siku ya kwanza ndani ya mfuko wa nailoni. Bila risiti, mnunuzi mwaminifu haigusi, na anayeigusa atataja nusu ya bei.